Bahari Isiyopwa

Hasira zangu zilianzia kwa pweza. Alikuwa ameanikwa kwenye kamba mbele ya hoteli ya chakula, na watu wazima, wake kwa waume, wamepanga foleni kumpiga picha. Kwetu pweza huanikwa kila uani, na sijapata kumwona mtu akisimama kumtazama, isipokuwa paka. Nikamwambia mwanangu, "Hawa hawana kazi?" Akanijibu, "Mama, wako likizo. Na sisi tuko likizo."

Huko ni Ugiriki, rafiki yangu, kwenye mji mdogo wa kisiwani ambao watu huuendea kupumzika. Mwanangu anaishi Lisboa, naye ndiye aliyetupeleka, mimi na binti yake wa miaka saba. Nilikuwa nimemwahidi mjukuu wangu, tangu hajaota meno, kwamba nitamfundisha kutafuta pweza kama nilivyofundishwa na bibi yangu. Lakini kijijini kwetu, pwani ya upande wa Olumbi, kusini ya mpaka wa Mtwara, tulikimbia na nguo za mwilini walipokuja watu wenye silaha, na tangu hapo nimejibanza kwa ndugu Pemba, ule mji wa upande wetu, si kile kisiwa. Mwanangu hataki hata kusikia habari ya kumpeleka mtoto kule. Basi akatafuta kisiwa, akasema, "Bahari ni bahari, mama. Mtafundishana huko huko." Angekuwa bado mdogo ningemfinya.

Mji wenyewe, sikatai, ni msafi. Kila ukuta umepakwa chokaa na kila njia ni ngazi, kana kwamba aliyeujenga alikuwa na ugomvi na magoti ya wazee. Ufukweni wamepanga viti na miavuli mpaka mchanga wenyewe huuoni, na ukitandika kapulana yako, kanga ya kwetu, chini ukae kama mtu, wanakuangalia kama umepotea njia. Mchana tuliagiza yule pweza. Ukaja mkono mmoja tu, umelazwa katikati ya sahani kubwa na kipande cha limau, peke yake, kama maiti asiye na jamaa. Nikauliza nazi iko wapi. Mwanangu akainamisha kichwa.

Bibi yangu angeirudisha ile sahani jikoni na kwenda kuwafundisha. Yeye pweza wake alimpiga juu ya mwamba mpaka akatoa povu, akamchemsha, ndipo akamtia kwenye tui zito na ndimu na pilipili mbichi, na nyumba nzima tukanyamaza kwa kula. Ugali wa muhogo ulikuwa wa kuchotea tu. Aliyeramba chungu nilikuwa mimi, kwa kuwa ndimi niliyekwenda naye baharini.

Kwetu mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, ni bamvua. Maji hupwa yakaenda mbali mno, miamba yote ikabaki wazi, na wanawake wa kijiji wakashuka na vikapu. Asubuhi hizo niliamshwa na sauti ya bibi akisugua kijiti cha msiro juu ya jiwe lenye maji. Alijipaka uso mzima ukawa mweupe, jua lisimchome, kisha akanikamata na mimi, akanipaka kwa nguvu kama anapiga lipu ukuta. Tulifunga ndala kwa kamba kwa ajili ya miiba, tukaondoka. Harufu ya mwani uliopigwa na jua, na ule mlio wa maji yakinywewa na mashimo madogo, hata leo nikifumba macho ninavipata.

Sasa sikiliza, kwa maana hili ndilo jambo lenyewe. Pweza ana nyumba. Ni tundu kwenye mwamba, na ukimtoa yeye, baada ya siku chache huhamia mwingine. Kwa hiyo mwanamke wa kwetu hatafuti pweza ovyo. Ana matundu yake, aliyoonyeshwa na mama yake au bibi yake. Bibi aliyapa majina. Jiko lilikuwa la kwanza, jeusi kwa ndani, halikukosa kitu. La pili Shangazi, kwa sababu pweza wa pale akikushika mkono hakuachii mpaka uombe radhi. La mwisho, mbali kabisa karibu na mawimbi, Bahili. Siku nyingi ulifika Bahili ukarudi mikono mitupu, lakini bibi hakuacha kulipitia. "Mnyimivu naye hupigwa hodi," alisema.

Alinifundisha kutazama mlangoni, kama pana magamba ya kaa, maana mwenye nyumba hutupa taka nje. Alinifundisha kuingiza chuma taratibu nisivunje mwamba, kwani atakayehamia atakaa wapi. Na alinikataza kusema. Matundu hufundishwa kwa miguu, si kwa mdomo. Jirani akituuliza tulikompata pweza mkubwa vile, bibi alijibu, "Baharini," kwa adabu zote, na jirani akacheka, kwani naye akiulizwa alijibu hivyo hivyo.

Basi kule kisiwani jioni moja nikaona mwezi umetoka mpevu juu ya zile nyumba nyeupe. Moyo ukanituama. Bamvua ni bamvua, nikajisemea, hata kwa Wagiriki. Asubuhi nikamfunga mjukuu wangu ndala kwa kamba, nikamchukua, tukakaa kwenye mchanga mbele ya viti vyao kusubiri maji yaondoke. Nilikuwa nimeona miamba mizuri chini ya maji. Nikamwambia, "Tulia, sasa hivi utaona bahari inavyojivua nguo."

Tulisubiri. Jua likapanda, waogeleaji wakaja wakaturuka kama magogo. Mtoto akala biskuti zote. Maji yalikuwa pale pale, yanaramba jiwe lile lile. Nikaanza kuyagombeza, kwa sauti. Mwanangu akaja anakimbia.

"Mama, mnafanya nini tangu asubuhi?"

"Tunangoja maji yapwe."

Akakaa chini. Aliniangalia kwa huruma iliyonichoma kuliko dharau. "Mama, bahari ya huku haipwi. Inasogea kidogo tu, hivi," akapima kwa vidole.

"Na wewe ulijua?"

Alijua. Alisahau kwamba mimi sijui. Nilikasirika mpaka machozi yakanitoka. Bahari ni bahari, alisema, akanileta mbali kote kule kwenye birika.

Mtoto akanivuta kapulana. "Vovó, nionyeshe hivyo hivyo." Nimeshachoka kumwambia aache Kireno chake, mimi ni bibi. Nikafikiri, nikizeeka Pemba na yeye akikulia Lisboa, miguu yetu haitakutana tena kwenye mwamba wowote. Nikaokota kijiti. Siri ambayo bibi aliificha hata kwa majirani zake nikaichora mchangani mbele ya Wazungu waliojipaka mafuta. Jiko hapa, nyuma ya jiwe lililolala, Shangazi kushoto kwake, Bahili kule. Nikamwambia na habari ya magamba mlangoni. Kwetu maji yangekuja kufuta jioni ile ile. Kule bahari haifanyi kazi hiyo, wameajiri mtu: kesho yake mwenye viti akapita na reki yake, akasawazisha kila kitu huku ananisalimia kwa uchangamfu. Nilimwitikia kwa meno.

Waliorudi kijijini wananiambia wanawake hawathubutu tena kwenda mbali miambani. Wenye matundu wametawanyika, wengine Nampula, wengine wamevuka mpaka wako Mtwara, na wazee walikwenda na majina yao kaburini. Pweza wa kwetu sasa wanazeeka majumbani mwao bila kugongewa.

Mjukuu wangu hakujali reki. Aliokota kijiti, akachora Jiko, akachora Shangazi, akatembea hadi mbali kuweka Bahili, kila moja mahali pake. Kisha akanigeukia.

"Vovó, tunakwenda lini kuyaona?"

Bibi yangu alikuwa na jibu la shida zote: maji yakijaa hupwa. Nilikuwa nalo mdomoni. Nikayatazama maji yaliyokuwa mbele yetu, yamesimama pale pale yalipokuwa jana na juzi, nikamwambia avae ndala zake, twende tukale.