Uzi wa Soazig

Soazig Kerdraon alikuwa mshonaji wa matanga pale Lorient, bandari ya Ufaransa, mwanamke wa miaka hamsini na minne mwenye mdomo usiojua kunyamaza. Mara tatu aliondoka bandarini hapo na mashua za mashindano ya kuzunguka dunia, na mara zote tatu alirudi kwa ndege. Mara mlingoti umevunjika, mara nahodha kaugua, mara ubavu wa mashua umepasuka. Fañch, bosi wake karakanani, akampachika jina la Nusu Safari, na jina likaganda. Gatini watu walimsalimia kwalo. Lilimuuma, wala hakuficha kwamba lilimuuma.

Safari ya nne alichukuliwa na Gwendal, nahodha kijana aliyeiabudu mizani. Alikata mipini ya miswaki, akabandua lebo za nguo, na kwa watu watano akaweka vitanda viwili tu. Kila mtu aliruhusiwa mfuko wa kilo nne. Ndani ya mfuko wa Soazig akakuta bonge la uzi mnene wa matanga, akalitoa.

"Bibi wee, unafungua duka? Uzi upo kwenye kisanduku cha matengenezo."

"Ule wa kushonea vifungo?"

"Unatosha."

Soazig akaenda nyumbani, akatoa nguo zote za kubadili, akarudisha uzi na kuufunika kwa soksi. Mizani ikasoma kilo nne kamili na Gwendal akaridhika.

Ndiyo maana alivaa sweta moja kuanzia siku ya kwanza. Kufikia siku ya ishirini, Alar, aliyepokezana naye kitanda, alikuwa hoi.

"Soazig, sweta hiyo ukiivua itasimama yenyewe!"

"Basi siivui."

Siku ya thelathini na moja, kusini kabisa mwa dunia, upepo ulilichana tanga kubwa kutoka ukingo hadi ukingo. Gwendal alitazama ramani, kisha akashusha pumzi.

"Tumekwisha. Tunaingia Australia."

Soazig akaifunika ramani kwa kiganja. Ndege ya nne! "Mimi siingii popote," alisema. "Nipe siku mbili."

"Utashona kwa uzi gani? Uzi wetu hautoshi hata mita tatu."

Soazig akaumwaga mfuko wake sakafuni. Gwendal alilitazama lile bonge, akaitazama sweta, akaelewa.

"Ulinidanganya."

"Nilikupa kilo nne, ulizozitaka."

Waliliburura tanga hadi ndani. Lakini katika mashua hizi, kila chombo kinapogeuzwa, vitu vyote vizito huhamishiwa upande unakotoka upepo ili kisilale, na tanga lile lilizidi kilo mia. Soazig alikuwa amekaa juu yake.

"Toka, tunahamisha mzigo!" Gwendal alipiga kelele.

"Mimi ndio mzigo. Nihamisheni!"

Wakamburura pamoja na tanga huku wakilaani, naye anashona. Walifanya hivyo mara kumi na moja. Viganja vilichanika, vidole vikavimba, akalia kwa maumivu mbele yao wote bila aibu, na sindano haikusimama. Alar alimlisha uji kwa kijiko.

Siku ya tatu tanga likapandishwa. Mshono ulikwenda upogo, lakini lilijaa upepo, likashika. Gwendal akashuka na sweta yake mwenyewe, kavu.

"Vaa."

"Ina uzito gani?"

Gwendal akacheka, ingawa hakutaka.

Walifika Lorient wakiwa wa nne kati ya mashua tisa. Fañch alikuwa gatini na wenzake. Soazig aliruka kabla kamba haijafungwa, akiwa bado na ile sweta yake inayonuka, akasimama mbele yake Fañch.

"Haya. Niite."

Wenzake wakasukumana nyuma yake.

"Soazig," alisema Fañch.

"Jina lote."

"Soazig Kerdraon."

"Kwa sauti, bosi. Huko nyuma yako hawakusikia."