Chakula cha Kwanza Ng'ambo ya Mpaka

Saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumatatu, nilikuwa nimeketi kwenye ngazi ya ofisi ya chama cha wafanyabiashara wa mifugo, mtaa wa Chechelesi, Isiolo, nikingoja mlango ufunguliwe. Barua ilisema niripoti saa mbili. Nilikuwa nimetembea kutoka Burat kwa sababu sikutaka kutegemea gari.

Katibu wa chama alifika akiwa na funguo mkononi. Alikuwa mwalimu wa hesabu kabla ya kuja kwetu, na alizungumza kama mtu anayesahihisha daftari.

"Umekuja kuomba maji au umekuja kazi?"

"Kazi, Mwalimu. Mimi ndiye karani mpya."

"Vitabu vya hesabu ulifundishwa na nani?"

"Nilijifundisha mwenyewe, kwa kitabu cha kaka yangu."

Alinitazama, kisha akafungua mlango. "Basi ukikosea hatuna mwingine wa kulaumu. Ingia."

Cheo changu kilikuwa karani wa safari. Vijana wanaofanya biashara kwa simu huenda hawajui kazi hiyo ilikuwa nini. Wanunuzi wa chama walikwenda mbali kununua ng'ombe na ngamia, na mtu mmoja alitangulia kwa siku moja. Alitafuta mahali pa kulala na pa kula, aliandaa kibali cha kuhamisha mifugo, yaani karatasi ya daktari wa mifugo inayoruhusu wanyama kusafirishwa, na alitunza posho, ambayo ni pesa ya chakula na malazi ya kila siku. Wanunuzi walipofika walikuta kila kitu tayari. Wakati huo lami ilikuwa haijafika kaskazini, na lori liliweza kuchukua siku mbili kwa mwendo ambao leo ni wa mchana mmoja.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Garbatulla. Mkubwa wangu huko alikuwa Mnunuzi Mkuu, Mzee Jattani, Mborana mwenye ndevu nyekundu za hina ambaye hakuwahi kuandika neno lolote lakini alikumbuka bei ya kila fahali aliyemnunua tangu ujana. Kwake nilijifunza Kiborana, na kwake nilijifunza kwamba chumba ni sehemu ya biashara. Mara ya kwanza nilimpangia lojingi, nyumba ya wageni, karibu na uwanja wa malori kwa sababu ilikuwa rahisi. Injini zilinguruma mpaka alfajiri. Kesho yake alinunua mafahali tisa, na wawili kati yao walikuwa wanakohoa.

Hakunigombeza sana. Alisema tu, "Karani, mtu hajalala hawezi kusikia ng'ombe anakohoa. Hao wawili si mimi nimenunua. Ni wewe."

Tangu siku hiyo sikulipia chumba bila kukikagua. Nilijaribu komeo la mlango kutoka ndani. Nilifungua bomba na kuhesabu mpaka sitini nione kama maji yangeendelea kutoka. Nilikwenda chooni kabla ya kumsalimu mwenye nyumba, kwa maana choo hakijui kudanganya mgeni. Niliuliza majirani ni nani: baa, msikiti, gereji au kinu cha unga. Wanunuzi wetu wengi walikuwa Waislamu, mimi ni Mkristo, kwa hiyo niliuliza pia nyama imechinjwa na nani na kama kuna mahali pa kutawadha. Maswali hayo niliyaandika kwenye jalada la daftari, na kwa miaka miwili hayakuniangusha.

Ndipo Katibu aliponiita Isiolo na kuniambia nitakwenda Moyale, upande wa Ethiopia.

"Hii si Garbatulla," alisema. "Tuna mnunuzi wa nyama Nairobi ambaye amekubali bei moja kwa mafahali arobaini, na hataongeza hata shilingi. Pesa ni za wanachama. Wengine wameuza mbuzi wa mwisho waingie kwenye mpango huu. Mkinunua juu ya elfu hamsini na mbili kwa kichwa, tunapata hasara. Tukipata hasara, kamati itafunga safari za mpakani, na sitakuwa na kazi ya kukupa. Umeelewa?"

Nilielewa vizuri. Nilikuwa na mama mgonjwa Burat na wadogo wawili shuleni, na mshahara ulikuwa mmoja.

Nilivuka mpaka asubuhi, kibali cha kuvuka kikiwa mkononi, na kuanza kukagua vyumba. Lojingi ya kwanza ilikuwa na maji ya ndoo. Ya pili ilikuwa na komeo lililoshikiliwa na msumari mmoja. Ya tatu ilikuwa safi, tulivu, na mwenyewe alikubali kupunguza bei kwa vyumba vitatu. Nilikuwa nahesabu mpaka sitini kwenye bomba pale uani wakati mzee mmoja wa heshima, mwenye kofia nyeupe na fimbo, aliposimama langoni.

"Salaam aleikum. Wewe ndiye karani ya Isiolo?"

"Aleikum salaam. Ndiyo mimi, mzee."

"Mimi ni Haji Wario. Mtu ametoka safari hawezi kula hotelini kama hana watu. Nyumbani kuna maziwa. Karibu."

Nikajiambia: huu ni ukarimu, na pia ni kuokoa posho. Nikaenda naye. Nyumba yake ilitazamana na uwanja wa mnada, na watu wengi waliokuwa wamekaa kando ya ukuta walituona tukiingia. Yeye mwenyewe hakula nami. Alinikabidhi kwa mkewe, Mama Tume, akaenda msikitini. Mama Tume alinikalisha jikoni kwake, akanipa anjera, mkate mwembamba wa unga uliochachuka, na maziwa ya ngamia kutoka kwenye chicho, kile chombo cha kusukwa kinachofukizwa moshi. Nilikunywa vikombe viwili. Tuliongea juu ya mvua na watoto. Niliporudi chumbani niliandika: chakula cha mchana, sifuri. Nilipiga mstari chini yake kwa rula, nikafurahi.

Mzee Jattani alifika kesho yake asubuhi na malori mawili, akaoga, akasifu chumba, tukaenda mnadani pamoja. Kulikuwa na mafahali wazuri, wa manyoya laini, wengi kuliko tuliohitaji. Lakini kila dalali tuliyemfikia alitusalimia vizuri kisha akageuka kando. Dalali ni mtu wa katikati. Yeye ndiye anayemjua mwenye ng'ombe, na bila yeye huwezi hata kushika mkia. Wa nne alikuwa kijana mcheshi mwenye jino la dhahabu, na yeye ndiye aliyesema wazi.

"Mzee, hatuwezi kukuonyesha ng'ombe. Wewe uko na mwenyewe."

"Nani?"

"Haji Wario. Karani yako amekula kwake jana. Mji mzima imeona."

Mzee Jattani alinigeukia polepole. "Umekula kwa Haji?"

"Maziwa tu, Mzee. Alinikaribisha."

"Chakula ya kwanza?"

"Ndiyo."

Alifumba macho. Kisha akanieleza lile ambalo hakuna kitabu changu kilichowahi kuniambia. Katika mji ule, mtu mgeni wa biashara analo jambo moja la kuchagua, nalo ni nyumba atakayokula kwanza. Mwenye nyumba hiyo huwa abaan wake, mwenyeji na mdhamini. Anamlinda, anamtetea akidanganywa, na yeye pekee ndiye anayemwuzia. Dalali mwingine akimchukua mgeni wa mwenzake, ameiba. Mzee Jattani hakunionya kwa sababu hakudhani kuna mtu mzima asiyejua. Kwake ilikuwa kama kunionya nisiingie nyumba ya watu bila kubisha.

"Umetuuza kwa bakuli ya maziwa, Karani," alisema. "Kalamu yako ilikuwa wapi wakati mdomo inafunguka?"

Tukaenda kwa Haji. Alitupokea kwa adabu zote, akatuonyesha mafahali arobaini waliokuwa tayari wametengwa zizini, na akataja bei: elfu hamsini na sita kwa kichwa, kwa hesabu ya shilingi zetu. Kijana wa jino la dhahabu alikuwa ameshatuambia, kwa kunong'ona, kwamba bei ya siku hiyo ilikuwa elfu hamsini na mia tano. Mzee Jattani alibishana mpaka koo likakauka. Haji alitabasamu tu.

"Mgeni wangu ni mgeni wangu," alisema. "Mkitaka, rudini Isiolo na malori matupu."

Tulitoka tukasimama kwenye kivuli cha lori. Niliuliza kama mgeni hawezi kabisa kumwacha abaan wake.

"Anaweza, akipewa ruhusa. Lakini mimi siwezi kuomba. Mimi sijakula kwake. Ni wewe umekula, ni wewe utaenda."

"Niende na nini?"

"Buni, sukari, tumbaku. Na maneno mazuri. Kama huna maneno, nyamaza."

Nilinunua vitu hivyo kwa pesa ya posho yangu mwenyewe na kwenda. Haji alikuwa bado zizini, kwa hiyo nilimkuta Mama Tume peke yake, akipepeta mtama. Niliweka buni mbele yake na kumwambia yote kama yalivyo: pesa za wanachama, mnunuzi wa Nairobi, bei, na kazi yangu. Sikumficha kwamba nilikula kwake ili niokoe posho. Alicheka kidogo hapo, kisha akaacha kupepeta.

"Jana uliketi wapi?"

"Hapa. Jikoni kwako, Mama."

"Ulikula nyama?"

"Hapana. Anjera na maziwa."

"Maziwa ni ya nani?"

Alinijibu mwenyewe, akihesabu kwa vidole. Ng'ombe na ngamia ni wa mume. Kuuza na kuchinja ni juu ya mume. Lakini maziwa yakishaingia kwenye chicho ni ya mke, na hata mume huomba. Wazee wa Garbatulla wangeniambia hivyo kama ningeuliza. Alijifunga shali, akabeba chicho chenyewe chini ya kwapa, na kuniambia nimfuate.

Alitembea moja kwa moja mpaka zizini, mbele ya madalali wote, akamsalimu mumewe kwa heshima. Kisha akasema kwa sauti ambayo hata wauza mbuzi wa upande wa pili waliisikia:

"Baba Tume, huyu karani ni mgeni wangu. Wewe hukumlisha. Wewe ulimleta tu kama mzigo, ukaenda kuswali."

Kijana wa jino la dhahabu akaruka. "Na anjera? Unga ni ya nani, Mama?"

"Unga nilinunua na pesa ya maziwa. Wewe uliza mke yako unga ya kwako inanunuliwa na nani, kama uko na mke."

Watu walicheka mpaka fahali mmoja akashtuka. Haji Wario alisimama, fimbo mkononi. Niliona kwamba angeweza kukasirika, na kwamba tungekwisha. Aliangalia chicho, akamwangalia mkewe, akawaangalia wazee waliokaa ukutani. Mmoja wao alitikisa kichwa kukubali kwamba mama yuko sawa.

"Nyumba yangu iko na serikali mbili," Haji alisema mwishowe. "Na moja haijawahi kunipa kura."

Yeye mwenyewe akacheka, na kicheko chake ndicho kilichomaliza shauri. Mama Tume, kwa kuwa sasa ndiye abaan wetu na hakuwa na ng'ombe wa kuuza, alituruhusu kununua popote. Tulinunua kwa madalali watatu kwa bei ya siku, na wa tatu alikuwa Haji Wario, aliyetupa mafahali kumi na wawili wazuri kuliko wote. Kufikia saa tisa mchana mafahali arobaini walikuwa kwenye malori mawili, wakiwa na karatasi zao.

Njiani nilifuta ile sifuri ya chakula cha mchana, nikaandika mahali pake gharama ya buni, sukari na tumbaku. Tulipofika Isiolo, Katibu alisoma hesabu yangu mara mbili na kuuliza kwa nini nimefuta ile sifuri. Nilimweleza. Aliniambia niandike swali jipya kwenye jalada la daftari: mwenye chakula ni nani, na anataka nini?

Nilifanya kazi hiyo miaka ishirini na mitatu zaidi. Nilikwenda Addis Ababa na wanunuzi wa ngozi, nilikwenda Jibuti na watu wa ngamia, na kila mahali chakula changu cha kwanza nilikinunua kwa pesa yangu, kwenye hoteli, nikachukua risiti. Moyale peke yake ndiko sikulala lojingi tena. Nililala kwa Mama Tume, nikimpelekea viazi vya milimani na majani ya chai, mpaka lami ilipofika na wanunuzi wakaanza kwenda na kurudi bila kuhitaji karani wa kuwatangulia. Nilistaafu nikiwa bado na nguvu, na nashukuru, kwa sababu nimeona wengi wakitolewa kazini kwa lawama.

Siku hizi vijana wa chama huchagua chumba kwa simu, kwa kuangalia picha na nyota. Siwakatazi. Picha itakuonyesha kitanda na bomba. Haiwezi kukuonyesha nani anakungoja langoni na salamu nzuri, wala jikoni ni kwa nani. Kwa hayo bado lazima uulize kwa mdomo, na uulize kabla hujapokea kikombe.

Huwa wananiuliza kosa langu lilirekebishwa vipi, na lingegharimu kiasi gani. Mafahali walikuwa arobaini. Tofauti ya bei kwa kichwa ilikuwa elfu tano na mia tano. Ukitoa buni, sukari na tumbaku, vilivyonigharimu shilingi elfu moja mia moja na hamsini, Mama Tume aliwaokolea wanachama wetu shilingi laki mbili, elfu kumi na nane, mia nane na hamsini.