Jiwe Nililolitia Tanuuni

Nakumbuka Jumamosi moja, hapa hapa Mkokotoni, nilipofanya jambo nikajiona nimeikomboa nyumba yetu na moto wa Jahannamu. Nilikuwa na miaka kumi na sita, Kidato cha Tatu, mdomo mrefu, na nilichokijua hakijai kiganja. Nakuandikia haya, mwanangu, kwa sababu jana nimekukuta unawashia jiko la makaa karatasi za daftari lako la historia. Misri imeungua. Babeli imeungua. Nilipokuuliza, ukanijibu bila hata ya kugeuka: "Mambo ya waabudu masanamu hayo, mama. Yatanifaa nini?"

Sikukupiga. Nilikwenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Na hasira zile hazikuwa juu yako peke yako, nyingine zilikuwa juu yangu mwenyewe. Mimi mvi sina, na nasaha ni kazi ya wenye mvi. Lakini kuna makosa yanayomzeesha mtu kabla ya wakati wake. Basi kaa unisikilize.

Bibi yangu, Bi Mize, mzaliwa wa kisiwa cha Tumbatu, alikuwa na jiwe. Jiwe la matumbawe, ukubwa wake kama mbuzi ya kukunia nazi, limechongwa mistari miwili ya alama zilizosimama wima kama meno ya kitana. Babu yake ndiye aliyevuka nalo kutoka Tumbatu, kwenye magofu ya msikiti wa kale, akaacha wasia mmoja tu: lisikanyagwe. Bibi akaliegemeza ukutani jikoni, karibu na mtungi wa maji, na kila Alkhamisi jioni huliwekea chetezo cha ubani. Ukimuuliza limeandikwa nini, atakwambia, "Wakubwa wanajua." Na hao wakubwa wenyewe wako kaburini zamani.

Mimi na elimu yangu nikaona shirki, kuabudu kisichokuwa Mungu, imekaa jikoni kwetu. Chuo cha Kurani nilikwisha kuhitimu, naisoma bila ya kubabaika, na alama zile sikuitambua hata moja. Hazina nukta, hazina irabu. Nikajiambia: kama hii ingekuwa khati ya watu wa dini, mimi ningeijua. Basi hii ni mikwaruzo ya makafiri, au ya majini. Historia kwangu ilikuwa somo la kusinzia. Mwalimu akitaja dola za Waajemi, mimi natazama dirishani nikihesabu kunguru. Asiyejua maana haambiwi maana, na mimi nilikuwa siambiliki.

Jumamosi hiyo bibi alivuka kwenda arusini Tumbatu. Ami yangu alikuwa anapanga tanuu la chokaa nyuma ya nyumba, magogo ya mnazi chini, mawe ya matumbawe juu yaungue yawe chokaa, maana alitaka kuongeza chumba. Alipokwenda dukani kununua mafuta ya taa, nikalibeba lile jiwe kifuani, likanichubua mikono, nikalisukumiza katikati ya mawe mengine. Ami akarudi, akawasha. Nilisimama pale kwenye joto nikajihisi shujaa. Wallahi, mwanangu, shujaa!

Bibi alirudi kesho yake. Akavua buibui, akaenda mtungini kuteka maji, akasita na kata mkononi.

"Wee Mwanaidi."

"Naam, bibi."

"Jiwe liko wapi?"

"Nimelitia tanuuni. Ile shirki, bibi. Nimekuokoa."

Nilingoja kofi, halikuja. Alikunywa maji yake kidogo kidogo mpaka yakaisha.

"Umelisoma?"

"Halisomeki lile."

"Hukulisoma, na hukumu ushapitisha. Kadhi gani wewe, mjukuu wangu?"

Ami akaangua kicheko huko nje. "Kadhi wa Mkokotoni! Tumshoneeni joho!" Bibi hakucheka. Alkhamisi iliyofuata alitia ubani kwenye chetezo, akakitazama, akakizima kwa maji. Nilimwona, na bado nikajiambia nimeshinda.

Halafu mwalimu wetu wa historia, mwanamke mfupi asiyejua kunyamaza, akatupeleka Kizimkazi kuuona msikiti wa kale. Kwa nje una mabati, ukipita hujui kama ni kitu. Tukaingia ndani, nikanyanyua macho kwenye kibla, na ukutani nikaziona alama zangu. Zile zile, zimesimama wima kama meno ya kitana.

"Khati hii inaitwa Kufi," mwalimu akasema. "Watu wa zamani hawakuwa wakitia nukta. Haya, nani ataanza kusoma?"

Kila mmoja akamtazama mwenzake.

"Nyote mmehitimu chuoni, na Bismillahi imekupiteni hivi hivi?"

Wenzangu wakacheka. Mwalimu akapitisha kidole hewani, herufi baada ya herufi: hii baa, meno matatu haya siin, kiduara hiki miim. Na jiwe letu lilianza hivyo hivyo, mwanangu. Meno matatu, kisha kiduara. Nilikuwa nimelifuta vumbi mara ngapi kwa kanga yangu! Nililoliita shirki lilikuwa limebeba jina la Mungu, na mimi ndiye niliyelitia motoni.

Nikauliza, "Mwalimu, na kwenye jiwe lenye mistari miwili, wa pili huwa ni wa nini?"

"Huenda aya. Huenda jina la aliyejenga, au la aliyezikwa. Mpaka usome."

Nilimwambia bibi siku ile ile. Nilidhani atanilaani. Alikaa kwenye kibao chake cha mbuzi, akasema, "Basi mimi nikalifukiza nisilolijua, na wewe ukalichoma usilolijua. Tumekosa sote. Lakini kosa langu lilikuwa likingoja mwalimu. Lako halina la kungoja."

Kisha akauliza taratibu, "Na mstari wa pili, Mwanaidi, ulisemaje?"

Nikamwambia siukumbuki. Aliniuliza tena mwezi wa Ramadhani. Akaniuliza alipokuwa mgonjwa, hana nguvu hata ya kugeuka: "Hujaukumbuka tu?" Nilijaribu kuuchora kwa kidole kwenye unga, nikafuta, nikachora, nikafuta. Akafa hajui. Wanasema majuto ni mjukuu. Mjukuu mwenyewe ndiye mimi.

Sasa nisikilize, na usinikunjie uso. Firauni unamsoma chuoni tangu una miaka sita. Nani kakwambia wa skuli ni Firauni mwengine? Kusoma habari za waliolisujudia jua si kulisujudia jua. Soma walijenga nini, waliabudu nini, dola zao ziliinukaje na zikaangukaje, maana kila mmoja wao alidhani yeye hataanguka. Kisha hukumu ukitaka, lakini hukumu ije nyuma ya kusoma. Na ukikuta kitu cha wakubwa hukifahamu, usikifukize wala usikivunje. Kiache, utafute mwalimu. Usichokijua kinaweza kuwa ni chako.

Chokaa ya tanuu lile, ami alikipaka chumba chake. Leo ndicho chumba unacholala wewe. Ukuta ule unaouegemea na simu yako, mstari wa pili umo humo, na hakuna mtu duniani atakayeusoma tena.

Kesho baada ya alasiri utaazima daftari la mwenzako. Tutakaa chumbani humo, mimi na wewe, na utaiandika Misri upya, na Babeli upya, na mimi ntakuuliza kila mstari unasemaje, maana na mimi sikusoma.

Mungu akupe, mwanangu, jicho litakalotangulia mkono wako. Na siku mjukuu wako atakapokuuliza, akujaalie uwe na la kumjibu.