Sitaki Nataka

Harufu ya dizeli ikichanganyika na ukungu hunirudisha Malindi yetu, si ile ya pwani, kwenye uwanja wa shule, siku gari la sinema lilipopanda milima kuja kwetu. Enzi zile za vijiji vya ujamaa tulizoea filamu za kulima kwa matuta na kuchemsha maji ya kunywa. Jioni ile, sijui nani alikosea mkebe, wakatuwekea filamu ya mapenzi ya Kihindi.

Basi, jamani! Binti wa filamu alikuwa mzuri mpaka anaudhi. Kijana anamfuata, yeye anakimbia katikati ya shamba. Kijana anamshika mkono, yeye anauvuta, anajifunika ushungi, anasema neno. Kihindi hakuna aliyekijua, hata mkalimani aliyeshika kipaza sauti, lakini kazi ni kazi. Akatangaza, "Anasema sitaki nataka!" Uwanja mzima ukaangua kicheko. Jirani yetu Mama Hoza peke yake alikasirika, tena kwa sababu nyingine: "Msichana gani huyu, anakanyaga maharage ya watu!"

Dada yangu Eliza, aliyekuwa na miaka kumi na saba, hakucheka. Alikuwa amenipakata ndani ya kanga yake kunikinga baridi, nikamsikia akinong'ona, "Mbona analia kweli?"

Tangu hapo neno lile likawa wimbo wa kijiji. Dereva wa lori la kabichi kutoka Kwai, mwanamume wa makamo mwenye jino la dhahabu, akaanza kumfuata Dada mtoni, anampokonya ndoo na kumwimbia. Dada akisema "Niache," sisi watoto tulijibu kwa nyuma, "Sitaki nataka!" Tuliona raha, kumbe sinema imehamia kwetu.

Posa yake ikaja. Nyumbani kwetu binti hakumjibu baba yake mambo ya ndoa uso kwa uso, jibu lilipitia kwa bibi. Bibi alikuwa amekwenda Sigi kumuuguza mwanawe. Ndipo Dada akaniita mimi, mtoto wa miaka tisa, nyuma ya banda la ng'ombe.

"Nenda kwa baba. Mwambie, Eliza anasema hataki. Usiongeze neno, usipunguze neno. Umesikia, mdogo wangu?"

Mungu ni shahidi, sikuongeza wala sikupunguza. Baba na baba mdogo walikuwa wanakunywa chai. Nikawaamkia shikamoo. Lakini nilipoona wote wawili wananitazama, kichwa kikanivimba. Nikavuta kanga usoni, nikarembua macho, nikageuza bega kama yule binti wa filamu. "Eliza anasema hataki!" Nikakimbilia nyuma ya mlango.

Baba alicheka mpaka chai ikampalia. "Sitaki nataka," akasema, anajifuta machozi. "Haya, waambieni waje."

Siku ya harusi Dada alilia toka kanisani mpaka kwenye lori. Wanawake wakapiga vigelegele, wakisema bibi harusi asiyelia hana malezi. Mimi nilikuwa nalamba pilau vidoleni.

Ndoa ile sitaisimulia. Dada alirudi kwetu baada ya miaka sita, sikio moja halisikii, na kuimba alikokupenda kumekwisha.

Baba alipofariki, Dada alikataa kutia udongo kaburini. Watu walisema sana. Kesho yake tukimenya viazi jikoni, akaniuliza, "Siku ile, ulimwambia?"

"Nilimwambia."

"Maneno yale yale?"

"Yale yale, Dada."

Akatikisa kichwa taratibu. "Basi alinisikia, na bado akanitoa."

Hapo ndipo pa kusema jinsi nilivyoyasema, na mdomo ulikuwa wangu. Niliogopa. Nikachukua kiazi kingine. Dada naye sasa amelala kilima kilekile alipolala baba, na amekwenda akiamini hivyo.

Sinema za mapenzi nimeziona nyingi ukubwani. Kila msichana anayekimbia shambani huku mwanamume anamfuata akiimba, mimi humsubiri asikilizwe, na watu wanaokaa karibu nami hucheka. Yule wa Malindi bado hunijia, uso nusu umefunikwa, midomo inatetemeka, na mpaka leo sijui alisema nini. Dada peke yake aliona kwamba analia. Nami nilikuwa ndani ya kanga yake, nacheka.