Sikulia mume wangu alipofariki, na sasa ukoo unasubiri machozi yangu

Admin, nakuomba unifichie jina, maana huku kwetu wengi wanafuata ukurasa huu. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minne, mwalimu wa shule ya msingi, naishi Hamugembe hapa Bukoba. Ni mjane. Hatukujaliwa mtoto. Mwezi ujao ni misa ya mwaka mmoja ya mume wangu, na ndiyo inayonifanya niandike.

Mimi na mume wangu tulipenda sana picha za kutisha. Si hizi mpya, ni zile za zamani, nyingine hazina hata rangi, wafu wanatoka makaburini wanatembea polepole na watu wamejifungia ndani wanapigilia mbao madirishani. Jumapili tukitoka kanisani wenzetu walikwenda kutembea ufukweni, sisi tulifunga mapazia tukaweka picha. Ikiisha tunaanza kubishana: siku wafu wakivamia mji huu, tutakimbilia wapi? Yeye alisema Hamugembe hapafai, migomba imefika hadi mlangoni, utamwona mfu akiwa ameshaingia jikoni. Alitaka twende kisiwani Bumbire kwa sababu mfu hajui kuogelea. Mimi nilisema huko tutakula dagaa mpaka tuwachukie, bora Kaagya kwa mama yake, ndizi zipo na maji yapo. Miaka yote ya ndoa tulibishana hivyo. Tulikubaliana jambo moja tu: mmoja wetu aking'atwa na mfu, maana anayeng'atwa naye hugeuka mfu, mwenzake akimbie asigeuke nyuma.

Kisha akaanza kuumwa ini. Alikonda haraka. Mchana mmoja wodini, mdogo wake akiwa amekaa pembeni, alifungua macho akaniambia kwa sauti ndogo, "Nimeng'atwa. Kimbia." Nikacheka. Na yeye akacheka, akaishia kukohoa. Nilimshika mkono mpaka akalala, na kesho yake akafariki. Shemeji yangu hakuelewa tulichokuwa tunacheka. Alichoona ni mke anacheka mbele ya mume anayekufa.

Tulimzika Kaagya, kwenye kibanja chao cha migomba, pembeni ya baba yake. Wanawake walilia mpaka wengine wakashikiliwa. Mimi nilisimama tu. Si kwamba nilijikaza. Ilikuwa kama mtu aliyechomwa sindano ya ganzi, unajua jino linang'olewa ila husikii. Nilitazama udongo ukishuka nikawa nawaza kama nilifunga dirisha la jikoni.

Ganzi hiyo haijatoka. Naenda shule, nafundisha, narudi, naweka picha. Siogopi tena na wala sifurahi, naangalia tu. Alasiri moja mama mkwe na shemeji walikuja kunitembelea, wamebeba mkungu wa ndizi. Walinikuta nimekaa mbele ya televisheni, wafu wanafukua udongo wanatoka. Shemeji aliuweka mkungu mlangoni akaondoka bila kuaga. Tangu siku hiyo ameueleza ukoo kwamba nilicheka hospitali, sikulia kaburini, na sasa nastarehe kwa kuangalia maiti. Wapo wanaosema najua kilichomuua.

Mama mkwe yeye alibaki. Nilitaka kuzima, akanizuia. Alikaa, rozari mkononi, akaangalia mpaka mwisho. Halafu akaniuliza, "Hao wakifufuka, wanawakumbuka watu wao?"

Nikamjibu, "Hapana, mama. Hawamkumbuki mtu."

Akasema, "Basi mwanangu na alale." Akalia. Nilimletea maji nikakaa karibu naye. Nilitafuta machozi yangu nilie naye, sikuyapata.

Wiki iliyopita alirudi peke yake. Aliniambia kwamba siku ya misa tukienda kaburini macho ya ukoo wote yatakuwa kwangu, na kwamba shemeji ameshasema nisipolia nisikanyage tena pale nyumbani kwao. Kisha akanishika mikono yote miwili. "Najua ulimpenda. Hao wengine wanataka kuona. Kama machozi hayaji, jifunike kitenge, inama, tikisa mabega. Nifanyie mimi, mwanangu."

Ndugu zangu, mama huyu ndiye mtu pekee ninayeweza kumtaja mume wangu mbele yake bila kutazamwa vibaya. Nikifukuzwa Kaagya nampoteza na yeye. Lakini katika ndoa yetu sikuwahi kumdanganya mume wangu, na kumwigizia kilio juu ya kaburi lake naona ni kama kumfanya mgeni kwangu. Au labda ndivyo wajane wengi wanavyofanya, mimi tu ndiye sikuambiwa.

Mliopitia haya niambieni. Nijifunike kitenge nitikise mabega, au niende na uso huu huu nilio nao?