Majaribio ya Kijani katika Ofisi Tupu

Mwanangu, siku ninayotaka kukusimulia naikumbuka kwa ukimya wake. Ilikuwa majira ya mvua hapa Lubumbashi, wakati bei ya shaba ilipoporomoka na viwanda vikaanza kufungwa kimoja baada ya kingine. Watu walikuwa wakirudi kutoka migodi ya Kambove na magodoro kichwani. Wengine walifungasha vyombo wakaenda kijijini Lukafu kulima.

Mimi nilikuwa msichana mwenye diploma mpya, nikifanya kazi katika ofisi ndogo ya kutengeneza programu za kompyuta. Wenzangu waliondoka. Mmoja alikwenda Kinshasa, mwingine akavuka mpaka kuingia Zambia, mwingine hakuaga kabisa. Mwishowe nilibaki mimi na viti vyao.

Kazi iliyobaki ilikuwa programu ya kituo cha afya cha Katuba, ya kufuatilia wagonjwa wa kifua kikuu. Unajua, dawa za ugonjwa ule humezwa kwa miezi mingi, na anayeziacha katikati anaweza kurudiwa na ugonjwa ulio mkali zaidi. Mgonjwa alipokosa kuja kuchukua dawa, programu ilimpigia muuguzi kengele ili amtafute. Lakini watu walikuwa wakihama kila siku, na kengele zikawa nyingi mno. Kituo kikaomba turekebishe.

Nikaamua peke yangu: mgonjwa akikosa kuonekana kwa muda mrefu, ahesabiwe kuwa ameacha dawa, na kengele yake izimwe. Nikaandika na majaribio, yaani programu ndogo zinazoikagua ile kubwa zenyewe kila unapobadilisha kitu. Yote yakapita, kioo kizima cha kompyuta kikawa kijani, rangi ya jaribio lililopita. Nilifurahi kupita kiasi. Tangu asubuhi hakuna mtu aliyekuwa ameniambia neno, na rangi ile ilikuwa kama mtu anayeniitikia.

Kabla ya kuipeleka kituoni, nilimpelekea Papa Amisi nyumbani kwake aione. Huyu ndiye aliyekuwa mkubwa wa kikundi chetu, mtu wa familia iliyotoka Maniema, mtoto wa fundi cherehani. Miguu yake ilikuwa imevimba, hakuweza tena kupanda basi kuja mjini. Yeye ndiye aliyetufundisha kujenga programu kwa kuanza na tabia yake: kwanza mnakaa na watakaoitumia, mnakubaliana kwa mifano ya maneno ya kawaida jinsi itakavyotenda, kisha maneno yaleyale ndiyo yanageuka kuwa majaribio. Kikundi kilipotawanyika, desturi hiyo nayo ilikufa. Ningekaa na nani?

Alisoma polepole, miguu yake juu ya kiti.

“Haya majaribio uliandika na nani?”

“Niko peke yangu, Papa. Bote banaisha kwenda.”

“Najua. Lakini Mama Godelive angali iko ku centre.”

Alimaanisha muuguzi wa kituo cha Katuba. Akafunga kompyuta taratibu, akanirudishia.

“Mutoto wangu, uliuliza mashine kama iko nafanya ile weye ulifikiri. Inakujibu ndiyo. Ni weye tu unajijibu. Muntu akikaa sana peke yake, anazoea sauti yake, anafikiri ni ya bengine.”

Nilitoka na hasira. Nilisema moyoni, huyu ana mke na wajukuu ndani ya nyumba, anajua nini kuhusu kubaki peke yako? Nilitembea kwenye matope ya Katuba mpaka viatu vikawa vizito. Lakini kesho yake nilikwenda kituoni.

Mama Godelive, yule muuguzi, alinipa kigoda karibu na kabati la dawa. Nikamwomba kama nilivyofundishwa: mfano mmoja tu, wa mgonjwa mmoja. Hakufikiri sana. Alinitajia Kabwe, mfanyakazi wa kiwanda cha kuyeyusha shaba aliyeachishwa kazi. Alikuwa akimeza dawa vizuri, kisha akapotea. Jirani yake alisema amekwenda Lukafu na watoto.

“Huyu aliacha dawa?” nikauliza.

“Hapana. Alihama. Ile haiko kitu kimoja. Ukizima kengele, hakuna tena muntu atamutafuta.”

“Lakini ikilia kila siku, Mama, utafanya nini? Lukafu iko mbali.”

“Ndiyo maana ilie kule.”

Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba kengele inaweza kulia mahali pengine. Tukaandika pamoja. Kompyuta ilisoma Kifaransa, lakini sisi tulipanga kwanza kwa Kiswahili: ikiwa mgonjwa bado ana dawa za kumaliza, na tumeambiwa amehamia Lukafu, pale siku yake ya dawa inapopita, basi kituo cha Lukafu kipate ujumbe, na jina lake libaki wazi mpaka mtu amwone. Mama Godelive akasoma mwenyewe, akatikisa kichwa.

“Kumuona tu haitoshi. Andika, mpaka bamupatie dawa mu mukono.”

Nikabadilisha.

Niliporudi ofisini na kuendesha jaribio lile, likawa jekundu. Programu yangu haikujua kutenda vile. Nilikaa nikilitazama. Baada ya siku nyingi, hatimaye kulikuwa na kitu mle ndani kinachonipinga. Nikavua koti, nikafanya kazi mpaka likapita.

Ujumbe ulikwenda. Muuguzi wa Lukafu alimkuta Kabwe kwenye shamba la mahindi, amekonda, ameanza tena kukohoa. Walimpima upya, wakamrudisha kwenye dawa, na baadaye akapona. Siku walipompata, Mama Godelive alinipigia simu: “Kabwe banamupata. Anameza dawa.” Alisema hivyo tu, maana watu walikuwa wakimngoja mlangoni. Niligeuka nimwambie mtu. Viti vilikuwa vitupu.

Nikampigia Papa Amisi. Alicheka kidogo, akataka kujua ni neno gani Mama Godelive alilosahihisha. Haukupita muda, ofisi ikafungwa, na watoto wake wakamchukua kwenda Kindu, kwao Maniema. Habari ya kifo chake niliipata kwa simu, kutoka kwa sauti nisiyoijua.

Basi nakuusia, mwanangu. Nyakati zenu nazo zinayumba, na huenda siku moja ukabaki peke yako kazini. Usiandike jaribio kabla hujakaa na mtu atakayeitumia programu hiyo. Mwombe mfano wa mtu halisi mwenye jina. Andika kwa maneno anayoweza kuyasoma na kukurekebisha, kisha mwachie mashine kazi ya kuyarudia bila kuchoka. Jaribio ambalo hakuna aliyelisoma ila wewe, lishuku hata likipita. Upweke usiuonee haya, wengi tumeupitia. Ila usiufanye mshauri wako.

Mungu akupe watu wa kukaa nao mezani. Akulinde unakokwenda. Na kazi ya mikono yako imfikie mtu usiyemjua, akiwa bado mzima.