Sauti ya Lado Katika Spika Mbili

Nimekaa na aibu hii kimya, marafiki zangu, wala sikukusudia kuisimulia, lakini kwa kuwa waliokuwepo wameshaisimulia kila mmoja kwa namna yake (yupo anayeapa kwamba niliinuka nikacheza na marehemu, jambo ambalo ni uongo mtupu), naona afadhali muisikie kutoka kwangu, pamoja na tarehe zake zote, maana mimi nilianza darasa la kwanza nikiwa na umri wa miaka ishirini na tisa, katika shule ya wasioona huko Kenya, na mtu aliyejifunza kuandika utu uzimani haachi tarehe ikapotea hivihivi.

Mume wangu Lado alifariki hapa Juba siku ya Jumanne, tarehe 19 Machi. Mwaka uliofuata, Jumamosi tarehe 22 Machi, watu walikusanyika uani kwangu, mtaa wa Hai Cinema, kwa sala ya kutimiza mwaka na kwa karama, yaani kile chakula ambacho familia huwapa watu kwa ajili ya marehemu wao. Katika familia ile, siku hiyo ndiyo mjane huvua nguo nyeusi, na ndiyo siku ambayo wakwe huketi na kuamua ataishi wapi. Kiini cha hofu yangu kilikuwa hapo. Shemeji yangu Pitia, kaka mkubwa wa Lado, alikwisha kutangaza kwamba nitahamia kwake, mtaa uitwao Juba na Bari, katika chumba cha nyuma, kwa sababu mwanamke asiyeona hawezi kukaa peke yake.

"Shemeji, mimi hapana gombana na wewe," aliniambia wiki mbili kabla. "Lakini macho iko wapi? Hakuna. Sasa nyumba nani nachunga?"

(Pitia alikulia Uganda, mimi na Lado tulikulia Kenya, ndugu hawa wawili walikutana tena wakiwa watu wazima, Kibari, lugha ya kwao, kikiwa nusunusu, ndiyo maana walizungumza Kiswahili hata kwa mambo ya siri. Naomba mlikumbuke hilo.)

Nilimjibu kwamba aje siku ya sala aone nani anachunga nyumba. Nikaamua palepale kwamba muziki wa siku hiyo nitauendesha mwenyewe, kwa kompyuta yangu mwenyewe, mbele ya wakwe wote, bila mkono wa mtu, na kikao kitakapoanza hakuna atakayethubutu kuniita asiyejiweza.

Sasa niwaeleze kidogo kuhusu kompyuta, kwa kuwa bila hilo hamtaelewa. Mimi hutumia programu inayonisomea skrini. Kila ninapogusa kitu, inanitajia kwa sauti ni kitu gani: cheza, simamisha, wimbo unaofuata. Inaweza kutaja tu kile ambacho watengenezaji wamekipa jina. Siku ya sala sauti hiyo ingetokea kwenye spika zilezile za muziki, na sikutaka waombolezaji wasikie mashine ikibwabwaja katikati ya sala, kwa hiyo nilipanga kuinyamazisha na kufanya kazi kwa kuhesabu. Hivyo ndivyo sisi tusioona tunavyofanya mara nyingi: vidole vinakariri njia. Katika programu yangu ya muziki, ukibonyeza Tab mara tatu ulikuwa umefika kwenye kitufe cha kucheza, na kile kibonyezo kirefu cha chini kilisimamisha wimbo papo hapo. Alhamisi tarehe 20 nilifanya mazoezi mara kumi na mbili na sikukosea hata mara moja.

Jumamosi asubuhi, saa mbili na dakika kumi, nilipowasha kompyuta, programu ile ya muziki iliniuliza swali: toleo jipya limepatikana, je, ungependa kulisakinisha? Ndiyo. Hapana. Ninyi mnanijua. Mimi si mtu wa kubaki na toleo la zamani la kitu chochote. Nikabonyeza "Ndiyo", nikaenda kuosha mchele.

Saa tano kamili watu walikuwa wamejaa. Spika mbili zilikuwa zimewekwa pembe mbili za ua, na mimi niliketi katikati, mezani, mgongo umenyooka, nikisikia viti vya plastiki vikilia chini ya wageni na sauti za kunong'ona: "Ndiye mwenyewe anapiga?" "Ndiye." "Wallahi?" Nilivimba, sikatai. Wimbo wa kwanza, ambao kwaya ya Lado iliurekodi alipokuwa angali mwimbaji wao, ulianza bila kasoro. Upande wangu wa kushoto aliketi jirani yangu Wanjiru, Mkenya anayefanya kazi benki, naye akaniminya mkono na kusema, "Mama, uko juu." Wimbo ukaisha. Orodha yangu ilikuwa na wimbo mmoja tu kabla ya sala, na programu niliyoizoea ilikuwa ikimaliza orodha inakaa kimya.

Mchungaji akasema, "Tuombe."

Kimya kikatanda. Halafu, katika spika zote mbili, mtu akakohoa.

Kikohozi kile nililala nacho miaka kumi na minne. Kilianza chini kifuani, kikakwama mara moja, kikatoka mara mbili. Sikusikia kiti hata kimoja kikilia. Watu wote wale walikuwa wameacha kupumua, na kwa mtu kama mimi, ambaye humjua aliyepo kwa pumzi yake, ilikuwa kana kwamba ua mzima umebaki mtupu, nimebaki mimi na yule aliyekohoa, naye yuko kulia kwangu na yuko kushoto kwangu kwa wakati mmoja.

"Ndugu yangu Pitia," akasema Lado, kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayejificha. "Hii nitakutumia baadaye, sasa naongea polepole asisikie."

Nyuma yangu haboba, yule bibi kizee shangazi yao, akaanguka magoti. Nilisikia vikuku vyake vikigonga ardhi. "Ya Rabuna! Lado! Lado, iko wapi wewe?"

(Nilielewa baadaye kilichotokea, na nitawaambia sasa msije mkadhani mengine: toleo jipya lilikuwa limekusanya kila sauti iliyomo ndani ya kompyuta, hata zile ambazo sikujua kwamba zimo, kama hii ambayo Lado alijirekodi humo kwa siri asiitume, na orodha ikiisha linaendelea lenyewe na chochote kinachofuata. Wakati ule, lakini, sikuelewa kitu. Niliamini kabisa kwamba amerudi.)

Hata hivyo vidole vilikumbuka kazi. Tab mara tatu, kibonyezo kirefu. Sauti haikusimama. Ilirudi nyuma kidogo, maana toleo jipya lilikuwa limehamisha vitufe, kikohozi kikaja tena: "Ndugu yangu Pitia. Hii nitakutumia baadaye." Nikabonyeza tena. "Ndugu yangu Pitia." Mara ya tatu. "Ndugu yangu Pitia." Marehemu alikuwa akimwita kaka yake tena na tena mbele ya mchungaji, na aliyekuwa akimlazimisha kuita alikuwa mimi mwenyewe.

"Mimi niko hapa," Pitia akajibu kwa sauti iliyopasuka. Nadhani hakujua kwamba amejibu.

Hapo nikaona sina budi kuirudishia sauti ile programu ya kunisomea, liwe liwalo, nijue nimesimama wapi. Nikaiwasha. Nikabonyeza Tab, nayo ikasema kwenye spika zote mbili, kwa ile sauti yake bapa isiyo ya mwanamume wala mwanamke: "Kitufe." Nikasonga mbele. "Kitufe." Mbele tena. "Kitufe." Katika toleo jipya, watengenezaji walikuwa wamechora vitufe vizuri sana, naambiwa, vya mviringo na vya kung'aa, na hawakukipa hata kimoja jina. Ikawa Lado anasema neno, mashine inamjibu, Lado anasema, mashine inamjibu, kama wazee wawili wanaoelewana.

"Poni hataki kusikia haya." "Kitufe." "Yeye anajiona anaweza kila kitu." "Kitufe." "Lakini kila jioni mimi napita nyuma yake jikoni." "Kitufe." "Kile kishikio cha kuzimia jiko la gesi kimechakaa, ukizungusha hakizimi mpaka ukisukume. Anaacha moto mdogo, ule wa buluu, hauna sauti. Nauzima, namwacha na heshima yake."

Poni ni mimi.

Kisha likaja lile ambalo mpaka leo likinijia mchana kweupe naacha ninachokifanya. Nyuma ya maneno yake, kwa mbali, ndani ya spika zile, palikuwa na mwanamke anayeosha sufuria. Alikuwa anaimba kwa kuguna, kwa raha yake. Halafu akaacha, maji yakanyamaza, akauliza, "Lado, unaongea na nani?"

Ilikuwa sauti yangu. Ilikuwa Jumapili tarehe 11 Februari, saa kumi na mbili kasorobo jioni, naikumbuka kwa sababu nilimuuliza hivyo, naye akanijibu, na jibu lile sasa lililetwa uani mbele ya wakwe wote: "Na hakuna mtu, mama. Najisemea tu."

Wanjiru ndiye aliyekuwa na akili siku ile. Aliruka akachomoa waya wa spika. Nilifikiri yameisha, lakini kompyuta ina spika yake ndogo ya ndani, na Lado akaendelea, sasa akiwa mdogo kabisa, kama mtu aliyefungiwa katika kopo, hapo hapo chini ya viganja vyangu: "...nikifa, Pitia, usimwache peke yake..." Nikafunga mfuniko kwa mikono miwili. Hakunyamaza mara moja. Alimalizia neno ndipo akanyamaza.

Sala haikusaliwa. Mchungaji alisema amina kwa jambo ambalo hakuna aliyelijua. Haboba akapewa maji. Na Pitia, badala ya kungoja chakula kiliwe, akaanzisha kikao palepale.

"Shemeji, mimi haikusema. Wewe iliskia. Mwenye nyumba yeye mwenyewe amesema. Leo unabeba nguo, tunaenda."

Nikasimama. Nilikuwa na hoja, na hoja yangu ilikuwa safi. "Kaka Pitia," nikasema, "Lado alifariki mwaka mmoja na siku tatu zilizopita. Mwaka mzima nimepika kwa jiko lilelile, peke yangu, na nyumba hii imesimama. Nani amekuwa akinizimia huo moto? Mtajeni."

Nilinyamaza nikiwapa nafasi washindwe kujibu.

"Ni mimi, mama," akasema Wanjiru, polepole, kando yangu. "Mara nne. Nikija kukusalimia jioni. Ulikuwa unanipa chai, nikipeleka vikombe jikoni nauzima. Pole sana."

Hapana aliyecheka. Ingekuwa afadhali wacheke. Mimi niliyekuwa nikijidai katika kila hadhara kwamba sijawahi kuunguza hata kitambaa, nilikuwa nimelindwa miaka yote ile na watu waliokuwa wakinyata nyuma yangu, mmoja amekufa na mmoja ameketi nami ananishika mkono. Nilijiuliza ni wangapi wengine waliokuwa wakiingia na kutoka katika maisha yangu namna ile, bila kusema hodi.

Nikakaa. Kisha nikasema neno ambalo sikumbuki kulisema tangu shule: "Nimekosea." Nikamwambia Pitia kwamba nyumbani kwangu sitoki, kwani hapa najua kila hatua na kwake nitakuwa mtu wa kushikwa mkono hadi chooni, lakini kwamba jiko lile amelisema marehemu na marehemu hakusema uongo. "Lichukue," nikamwambia. "Jiko na mtungi wake, vyote. Mimi nitapikia kanun, jiko la makaa, huko uani. Makaa nayasikia kwa kiganja yakiwaka, na nikiyasahau yanakufa yenyewe. Na Wanjiru akikuta jambo lolote nimelikosea, aniambie mimi usoni, asinizimie kimya kimya. Hilo likinishinda, njoo unibebe na nguo zangu."

Haboba ndiye aliyeamua: "Pitia, khalas. Beba jiko."

Basi shemeji yangu, aliyefika na gari ili anihamishe, aliondoka saa tisa na robo na mtungi wa gesi begani. Nguo nyeusi nikazivua siku hiyohiyo, ingawa sikuwa nimepanga kuzivua nikiwa nimeinamisha kichwa.

Tangu hapo nimeapa kwamba mbele za watu sitagusa kitufe ambacho hakijaniambia jina lake, na kwamba swali la toleo jipya nitalijibu siku ambayo hakuna mgeni. Tarehe 24 Machi niliwaandikia watengenezaji wa programu ile barua ya kurasa mbili, nikawaeleza kwa adabu kitufe kisicho na jina kinavyoweza kumfanyia mjane. Walinijibu kwamba wamepokea maoni yangu.

Ile sauti ya Lado nimeihamishia kwenye programu nyingine, ya zamani, ambayo kila kitu ndani yake kimepewa jina. Kuna sehemu iliyobaki baada ya pale nilipofunga mfuniko. Mashine inaniambia ni dakika mbili na sekunde arobaini. Jioni huvaa visikizi, nikasogea hadi kwenye kitufe chenyewe, nacho kinanitajia wazi kabisa: "Cheza." Bado sijakibonyeza.